Binamu anataka nitumie hela za umoja tupate bonasi ya benki, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Natumai u mzima. Naandika nimebanwa kwelikweli, naomba unijibu kabla sijafanya kitu cha kujutia. Niko Marekani, Texas, nina miaka mingi sasa huku, kazi yangu ni kuhudumia wazee na mume wangu anaendesha lori, tuna watoto wawili na yule mkubwa mwakani anamaliza sekondari anataka chuo. Kwa kujinyima sana tumefikisha dola 16,000 za akiba, zimelala kwenye sevingi ya benki ileile niliyofungua nilipofika nchi hii, na sikuwahi kuangalia inalipa riba kiasi gani mpaka binamu yangu aliponionyesha kwenye simu. Ni 0.01%, yaani hela yote ile kwa mwaka mzima inazaa dola moja na senti sitini. Niliumia Shangazi.

Huyu binamu ndo mtu wa mambo haya, kila baada ya miezi michache anafungua sevingi mpya, anapewa bonasi, anahama. Akaniletea ofa mbili. Ya kwanza ni ya benki kubwa yenye matawi kila kona, ukiingiza 15,000 ndani ya siku 30 afu zikakaa siku 90 wanakupa dola 200, ukiingiza 35,000 wanakupa 500. Ya pili ni benki ya mtandaoni tu, haina tawi hata moja, ukiweka 10,000 zikakaa siku 90 wanakupa 100 basi, ila riba wameandika 4% kwa mwaka. Binamu anasema hiyo ya pili ni ya watoto, tukimbilie 500.

Sasa mi 35,000 sina. Ila mi ndo mweka hazina wa umoja wetu wa kusaidiana hapa mjini, wa misiba, magonjwa, kusafirisha mwili wa mtu kurudi nyumbani, mambo hayo. Umoja una dola 23,000 na zote ziko kwenye chekingi (akaunti ya matumizi ya kila siku) ya jina langu, maana tulipoanza hakuna aliyejua akaunti ya kikundi inafunguliwaje, wakasema dada we unaaminika, fungua kwa jina lako. Kila mkutano natoa ripoti na senti haijawahi kupungua. Binamu anasema chukua 20,000 za umoja, ongeza 15,000 zako, siku 90 zikiisha unarudisha, hakuna aliyepoteza kitu, na kama roho inakusuta wape umoja mia moja we ubaki na mia nne.

Mume wangu amekataa katakata, anasema hela ya watu haichezewi. Binamu anasema uoga huo ndo utatubakiza hapahapa tulipo. Mi niko katikati usingizi umekata, kwa sababu naona si wizi, hela ninarudisha yote, lakini mbona sitaki katibu wetu ajue?

Na nina mengine. Dada mmoja kazini alifungua akaunti ya bonasi, akajitumia hela mwenyewe kwa Zelle, ile njia ya kutumiana hela kwa simu, miezi ikapita bonasi haikuja, alipopiga simu akaambiwa hajatimiza masharti. Huo si utapeli? Je bonasi ina kodi? Na kufunguafungua akaunti kunashusha alama za mikopo, maana tunataka kununua nyumba? Afu binamu anasema tukimaliza kwa jina langu tufungue kwa jina la mama, anaishi na sisi hapa, ana grini kadi na namba yake ya soshio sekyuriti, yeye hajui mambo ya simu mi ndo ntakuwa naiendesha.

Ofa inaisha mwisho wa mwezi huu. Nisaidie.

Mweka Hazina, Texas

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na lile kubwa kwa sababu ofa inaisha na sitaki usome nusu ukaondoka: hela ya umoja usiiguse. Hata dola moja, hata kwa siku moja, hata kama umoja utapewa mia au mia mbili. Hayo mengine yote uliyouliza yana majibu mazuri na kuna hela halali ya kupata hapo, tutafika, lakini hili la umoja halina njia ya katikati.

Umejiuliza mwenyewe swali la maana kuliko yote kwenye barua yako, mbona hutaki katibu ajue. Kama jambo hili ni jema kama binamu anavyosema basi lipelekwe kwenye mkutano, lisemwe mbele za watu, waamue wao wenye hela. Kama haliwezi kusemwa pale maana yake unajua watakataa, na ukijua watakataa na ukafanya, basi umechukua hela ya watu bila ruhusa yao. Kurudisha hakubadilishi hilo. Mumeo anaposema hela ya watu haichezewi si mwoga, anakulinda, na ukimaliza kusoma hapa naomba umwambie hivyo.

Lakini hebu tuache uaminifu pembeni kidogo tuangalie hii bonasi ni kitu gani, maana binamu ameieleza vibaya. Benki inakulipa ili hela ikae. Wanataka amana za watu, wanazitumia kukopesha, kwaiyo wanakupa zawadi ya kuwaletea hela mpya na kuiacha pale siku walizotaja. Ukiondoa siku ya 89 salio likashuka chini ya kiwango, bonasi imekwenda. Sasa hela ya umoja wenu kazi yake ni nini? Kazi yake ni kutoka, tena kutoka haraka, siku ambayo hakuna anayeijua. Akifiwa mtu kesho jumba la mazishi halisubiri siku 90, na gharama za kupeleka mwili nyumbani zinatakiwa mapema. Kwenye akaunti mpya ndo pagumu zaidi, benki nyingi zinaweka kikomo cha kiasi unachoweza kuhamisha kwa siku, hundi na hela zilizoingia juzijuzi zinaweza kuzuiwa kwa muda, na kuhamisha kutoka benki moja kwenda nyingine kwa njia ya kawaida kunachukua siku moja mpaka tatu za kazi. Utakuwa umesimama na familia iliyofiwa wanakuuliza hela iko wapi, na we unachagua kati ya msiba wao na dola mia tano zako. Mwanangu usijiweke pale.

Afu kuna hili la jina. Akaunti iko kwa jina lako na namba yako ya soshio, kwaiyo mbele ya benki na mbele ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, zile 23,000 ni zako. Sio hisia ni karatasi. Riba au bonasi yoyote ikitoka inahesabika ni kipato chako na kodi ni yako. Mtoto wako akijaza FAFSA mwakani ya kuombea msaada wa chuo, fomu inauliza wazazi wana kiasi gani kwenye chekingi na sevingi, na hapo hela za umoja zinakaa kama mali yenu mpaka uweze kuthibitisha si zenu. Mkienda kuomba mkopo wa nyumba, mkopeshaji ataomba taarifa za benki, kwa kawaida za miezi miwili ya mwisho, na akiona 20,000 imeingia kwa mkupuo atauliza imetoka wapi, utaandika nini? Na Mungu apishe mbali, ukishitakiwa kwa deni ukashindwa kesi, akaunti ya jina lako ndo inayofungiwa, ukifariki hela inaingia kwenye mirathi yako na wanaumoja wako wanabaki kuhangaika na mahakama kuthibitisha ilikuwa yao. Haya yote yapo tayari hata kabla ya bonasi, we bado hujafanya kosa lolote ila umebebeshwa mzigo ambao haukutakiwa kuwa wako peke yako. Wenzako walikupa kwa upendo na kwa kukuamini, nakubali, lakini lirekebishwe.

Na kurekebisha si kugumu. Umoja unaweza kuomba namba yake ya kodi kutoka IRS, inaitwa EIN, ni bure na inaombwa mtandaoni kwenye tovuti yao wenyewe (kuna tovuti nyingine zinatoza hela kwa kitu hichohicho, achana nazo). Mkishaipata, mnabeba katiba yenu na muhtasari wa mkutano uliotaja nani anasaini, mnaenda benki au chama cha akiba na mikopo mnafungua akaunti ya kikundi. Ulizeni kwanza wanataka karatasi gani maana kila mahali wana zao. Wekeni saini mbili, mweka hazina na mwenyekiti au katibu, na wote wawili waweze kuona salio muda wowote. Hapo ndo mkutano unaweza kuamua kwamba mfano 8,000 zikae chekingi za dharura na zilizobaki ziwekwe kwenye sevingi ya riba kubwa ya umoja wenyewe, isiyofunga hela, na riba ikaingia kwenye mfuko wa umoja. Mkianza kupata riba mtafuteni mtu wa kodi awaambie umoja unatakiwa kujaza nini, msikisie. Utaona kwamba kile binamu alichokiona, kwamba hela imelala tu haizalishi, ni kweli kabisa, ila wa kufaidi ni wenye nayo.

Haya sasa tuje kwenye zako, zile 16,000, na hapa nataka tupige hesabu pole pole kwa sababu binamu amekuambia ofa ya pili ni ya watoto na mi naona amekosea.

Tuseme unaweka 15,000 kwenye ile benki kubwa siku 90. Bonasi 200. Riba je? Hukuniandikia, na hilo ndo la kwanza la kuuliza, kwa sababu benki kubwa zenye matawi mara nyingi sevingi yao ya kawaida inalipa hiyohiyo 0.01% uliyoikuta kwako, ambayo kwa 15,000 kwa siku 90 ni senti kama thelathini na saba. Kwaiyo jumla ni dola 200 na senti. Sasa chukua 15,000 hizohizo weka kwenye ile ya mtandaoni, 4% kwa mwaka kwa siku 90 inakupa karibu dola 145, ongeza bonasi yao ya 100, jumla kama 245. Ile bonasi ndogo imeipita kubwa! Na ile ya pili inadai 10,000 tu ndo zikae, maana yake 5,000 nyingine unaweza kuzitoa gari likiharibika na bonasi isiguswe, wakati ile ya kwanza imekufungia zote 15,000.

Na tazama kinachofuata siku ya 91, hapo ndo watu wengi wanapoliwa. Ukizisahau kwenye ile benki kubwa mpaka mwaka uishe umepata 200 na dola moja na nusu. Kwenye ile ya mtandaoni mwaka mzima ni riba 600 na bonasi 100, jumla 700. Ukiwa mjanja kama binamu ukaanza ile kubwa, ukahama siku 90 zilipoisha, na ukaikuta ofa ya pili bado ipo, utapata kama 750. Tofauti ni dola hamsini kabla ya kodi, na umeibeba hatari ya ofa kuwa imefungwa utakapofika. Hamsini si haba sikatai, lakini kwa mtu mwenye kazi ya zamu na watoto na umoja wa kuhudumia mi nisingehangaika nayo.

Sasa pigia hesabu hizo 20,000 za umoja. Kupanda kutoka bonasi ya 200 kwenda 500 ni nyongeza ya 300. Hizo 20,000 zingekaa kwenye sevingi ya 4% ya umoja wenyewe zingezaa karibu dola 194 kwa siku zilezile 90. Kwaiyo faida halisi ya mpango wote wa binamu ni kama dola 106, na kodi haijakatwa. Jina lako umelijenga miaka yote hiyo mbele ya watu wale, halafu 106!

Niseme pia hiyo 4% si ahadi. Riba ya sevingi inapanda na kushuka na benki inaweza kuibadilisha kesho asubuhi bila kukuomba ruhusa. Mwaka 2021 hata hizi benki za mtandaoni zilikuwa zinalipa nusu asilimia au chini yake, Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba 2022 na 2023 nazo zikapanda, ilipoanza kupunguza Septemba 2024 nazo zikaanza kushuka. Kwaiyo unapolinganisha ofa tumia riba iliyopo leo, ila usijenge bajeti ya mwaka juu yake. Ile namba yenye herufi APY ndo ya kulinganisha kwa sababu tayari imejumlisha riba juu ya riba.

Kuhusu rafiki yako wa kazini, hapana si utapeli, ingawa namwonea huruma maana hela yake ilikaa bure. Ofa nyingi za chekingi, na baadhi ya sevingi, zinataka mshahara uingizwe moja kwa moja na mwajiri, au pensheni, au malipo ya serikali. Kujitumia mwenyewe kwa Zelle au kuhamisha kutoka akaunti yako nyingine kwa kawaida hakuhesabiki na masharti yanasema hivyo. Kama ofa ni ya namna hiyo, unaenda ofisi ya rasilimali watu au kwenye mfumo wa mishahara wa kazini unaomba sehemu ya mshahara ipelekwe akaunti mpya, waajiri wengi wanaruhusu kugawa. Ofa zako zote mbili kwa ulivyoeleza zinataka salio tu, lakini soma mwenyewe usiamini simu ya binamu. Kuna sheria ya mwaka 1991, Truth in Savings Act, inayoilazimisha benki kukueleza bonasi ni kiasi gani, italipwa lini, na salio na muda unaotakiwa, kwaiyo maelezo yapo, ni maandishi madogo tu yanachosha. Yapige picha au yahifadhi siku unayofungua, maana ukurasa wa ofa unabadilika, na ukitimiza kila kitu halafu wakakunyima unakuwa na cha kuwaonyesha, na wakizidi kukaza unaweza kupeleka malalamiko CFPB, idara ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha.

Kwenye hayo maandishi tafuta haya. Hela mpya maana yake nini, nyingi zinataka itoke nje ya benki hiyo, kwaiyo kuhamisha kutoka chekingi yako ya hapohapo hakusaidii. Mteja mpya ni nani, wengine wanakukataa kama uliwahi kuwa na sevingi kwao siku za nyuma, hata kama jina lako lilikuwa la pili kwenye akaunti ya mumeo. Siku 90 zinaanza kuhesabiwa lini, siku ya kufungua au siku hela ilipofika? Hili limewanyima bonasi watu wengi sana, mi ningeacha hela wiki moja zaidi ya siku iliyotajwa. Kuna ada ya kila mwezi ya kutunza akaunti? Maana ukitoa hela zako baada ya bonasi salio likashuka, ada inaanza kuila bonasi taratibu. Na ukifunga mapema, mfano kabla ya miezi sita, baadhi wanachukua bonasi yao wanarudi nayo. Pia usiifunge siku 90 zilipoisha kama bonasi haijaingia, mara nyingi inakuja wiki kadhaa baadaye na akaunti lazima iwe hai siku hiyo. Zamani sevingi ilikuwa na kikomo cha kutoa mara sita kwa mwezi, kikaondolewa Aprili 2020, ila kuna benki zimeamua kubaki nacho, kwaiyo uliza.

Kodi ipo. Bonasi ya kufungua akaunti kwa IRS ni kipato kama riba, benki itakutumia fomu 1099-INT mwezi wa kwanza ikiwa jumla imefika dola 10, na hata isipofika 10 bado unatakiwa kuitaja kwenye ritani yako. Kama kipato chenu kinawaweka kwenye 22%, bonasi ya 100 inakatwa 22, na ile ya 500 ingekatwa 110 ambayo ungelipa we peke yako hata kama umegawana na umoja. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kwaiyo ni ya serikali kuu tu. Watu wanachanganya hii na bonasi za kadi za mkopo, zile unazopata kwa kutumia kadi, kwa kawaida huhesabiwa kama punguzo na hazikatwi kodi, sevingi sio hivyo.

Alama za mikopo usiogope sana. Kufungua sevingi mara nyingi benki inaangalia historia yako kwa ile njia nyepesi isiyoshusha alama, zipo chache zinazoangalia kwa ile nzito, uliza kabla ya kubonyeza. Kinachoangaliwa zaidi ni ChexSystems, hao wanatunza historia yako ya akaunti za benki, kama ulifungiwa na deni, kama umeombaomba akaunti nyingi kwa muda mfupi, na taarifa zinaweza kukaa mpaka miaka mitano. Una haki ya kuomba ripoti yako bure mara moja kila miezi 12. Binamu akiendelea na mwendo huo ipo siku benki itamkatalia na hatajua kwa nini. We mnataka nyumba, kwaiyo fungua moja hii, tulia. Ukishaanza kuomba mkopo usihamishehamishe hela, kila mkupuo utaulizwa.

Mama. Hapana mwanangu. Mama akitaka akaunti yake mwenyewe, hela yake mwenyewe, akae na simu umwelekeze, asome, akubali, sawa kabisa na ni vizuri. Lakini kutumia namba yake kufungua akaunti ya hela yako ili benki idhani ni mteja mwingine, huko ni kuidanganya benki, na anayebeba lawama ni yeye aliye na jina pale, mama wa watu na grini kadi yake. Na kama siku moja ataomba msaada wa serikali wa wazee, mingine inaangalia salio la benki. SSI kwa mfano inataka mali ya mtu mmoja isizidi dola 2,000. Utamfungia mlango kwa bonasi ambayo hata si yake.

Jambo moja hukuliuliza ila lazima niliseme kwa vile umetaja benki ya mtandaoni. Hakikisha ni benki kweli. Siku hizi kuna apu nyingi zinaonekana kama benki na si benki, zinapokea hela zako kisha zinaziweka benki nyingine kupitia kampuni ya katikati. Mwaka 2024 kampuni moja ya katikati, Synapse, ilifilisika, na watu zaidi ya 100,000 wakafungiwa hela zao kwa miezi, vitabu havikulingana na kuna mamilioni ya dola hayakujulikana yalipo. Wengi waliona neno FDIC, shirika la serikali la bima ya amana za benki, kwenye apu wakatulia, kumbe bima ya FDIC inalipa benki inapoanguka, haimlindi mtu kampuni ya katikati inapoanguka. Nenda kwenye tovuti ya FDIC, wana sehemu ya kutafuta benki kwa jina inaitwa BankFind, andika jina la kisheria lililo chini kabisa ya tovuti yao uone kama lipo. Ikiwepo, hela yako inalindwa mpaka dola 250,000 kwa mtu kwa benki. Chama cha akiba na mikopo kina bima yake ya NCUA, kiwango hichohicho.

Kwaiyo ningekuwa we wiki hii ningefanya hivi. Ningemwonyesha mume hesabu za hapo juu tukae nazo pamoja. Ningehakikisha ile benki ya mtandaoni ipo BankFind, nikafungua kwa jina langu na la mume kama masharti ya bonasi yanaruhusu wawili, nikahamisha 12,000 na sio 15,000, kwa sababu sharti ni 10,000 na mtu mwenye watoto wawili hatakiwi kubaki na elfu moja tu karibu. Zile 4,000 zibaki unapozifikia siku hiyohiyo mpaka uizoee benki mpya na ujue kuhamisha kwao kunachukua muda gani, jaribu kwanza na kiasi kidogo kwenda na kurudi. Weka kikumbusho kwenye simu cha siku ya 97. Binamu mwambie tu umechagua ile ya pili na hela za umoja zinahamia kwenye jina la umoja, hahitaji maelezo marefu na hana haki ya kujua salio la umoja kama si mwanachama.

Katibu mpigie leo kabla hujalala. Usimwambie habari za bonasi kama hutaki, hujafanya kitu. Mwambie unataka ajenda kwenye mkutano ujao ya akaunti ya kikundi, EIN na saini mbili, na kwamba unaomba mtu wa pili aanze kuiona akaunti iliyopo sasa hata kabla ya kuhama.

Shangazi